Kiyoyozi kinapuliza ila hakileti ubaridi: pima kabla ya kuongeza gesi

Feni ya ndani inazunguka, rimoti inaonyesha 18, na chumba bado kina joto. Wengi watakwambia gesi imeisha. Lakini gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, na mfumo usiovuja unaweza kudumu na gesi ileile miaka yote ya kazi yake. Ikipungua, kuna mahali inatokea, na kuongeza bila kuziba ni kununua tatizo lilelile mara ya pili.

Kazi ya kiyoyozi ni kuhamisha joto la ndani kulipeleka nje. Hewa ya chumba huvutwa kupitia filta hadi kwenye koili, yaani bomba lililokunjwakunjwa lenye mapezi membamba. Humo, gesi ikiwa bado kimiminika huchemka kwenye nyuzi 5 hadi 10 hivi za Selsiasi, kwa kuwa mgandamizo wake ni mdogo, na huko kuchemka ndiko kunakonyonya joto la hewa. Mvuke hutoka kwa bomba nene hadi kwa kompresa iliyo nje, ambayo huubana mpaka ukawa moto kuliko hewa ya nje. Mvuke hupita kwenye koili ya nje, feni ya nje huliondoa joto hilo, mvuke ukarudi kuwa kimiminika, ukapenyezwa kwenye mrija mwembamba, mgandamizo ukashuka, na mzunguko ukaanza upya. Unyevu wa hewa nao hugeuka matone juu ya koili na kutoka kwa mpira wa maji. Siku yenye unyevunyevu, mpira usiodondosha kitu baada ya saa nzima unakuambia kwamba ama koili haipoi, ama njia ya maji imeziba.

Sasa pima. Weka rimoti kwenye alama ya theluji, wala si ya feni (kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyokubali), chagua nyuzi 18, feni iwe juu, subiri dakika 15. Kompresa huchelewa kama dakika 3 kabla ya kuwaka, kwa hiyo usiwashe na kuzima ovyo. Shika thamometa pale hewa inapoingia, kisha pale inapotokea. Ikiingia na 28 ikatoka na 18, tofauti ni 10, na mtambo ni mzima. Kwa kawaida tofauti huwa kati ya 8 na 12. Chini ya 6, kuna hitilafu. Ikizidi 14 usifurahi: mara nyingi hewa inayopita ni kidogo mno, kwa kuwa filta au koili imeziba.

Filta ndiyo ya kwanza kutolewa. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, ikauke kivulini ili fremu isipinde. Kila wiki 2 hadi 4 inatosha, mapema zaidi penye vumbi.

Kisha nenda nje. Koili ya nje iliyojaa vumbi haiwezi kutoa joto. Zima umeme kwenye swichi kuu, uisafishe kwa mpira wa maji yenye msukumo mdogo, kwani mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi ya alumini. Ikiwa feni ya nje inazunguka lakini kompresa inanguruma sekunde chache kisha inakata, mshukiwa wa kwanza ni kapasita, kifaa kinachotunza chaji ya umeme na kuisaidia kompresa kuanza. Usiiguse: hubaki na chaji hata umeme ukizimwa. Mwachie fundi aipime na kuilinganisha na mikrofaradi (kipimo cha uwezo wake wa kutunza chaji) zilizoandikwa ubavuni.

Mtambo ukiwa umefanya kazi dakika 15, tazama mabomba mawili yanapounganika na sehemu ya nje. Katika viyoyozi vingi vya ukutani, yote mawili huwa baridi, na lile nene hutoka jasho. Bomba jembamba likiota barafu huku nene likiwa vuguvugu, hapo ndipo kuna sababu ya kushuku gesi: mgandamizo umeshuka mno, kimiminika kinachemka chini ya sifuri na kuisha mwanzoni mwa koili. Barafu ikifunika koili nzima ya ndani, anza na filta na feni. Iyeyushe kwa kuendesha feni peke yake. Usiikwangue, koili hutoboka kirahisi.

Fundi akija, mwombe atafute uvujaji kwanza. Povu la sabuni kwenye nati za maungio hufichua mengi, maana hapo ndipo panapolegea mara kwa mara. Baada ya kuziba, mfumo upimwe kwa naitrojeni, utolewe hewa kwa pampu ya vakyumu, kisha ujazwe kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibao cha mtambo. Kujaza kwa kukisia, "mpaka bomba litoke jasho", huishia kuzidisha, na gesi ikizidi ubaridi hupungua na kompresa huumia. Aina ya gesi nayo iko kwenye kibao hichohicho. R-22, R-410A na R-32 hazichanganywi, na R-32 inaweza kushika moto, kwa hiyo asikaribie na mtungi wa kuchomea kabla gesi haijaondolewa.