Mfuko wako mwenyewe wa kubebea bidhaa: kuuchagua, kuukumbuka na kuutunza

Wengi wakiamua kuachana na mifuko ya plastiki kitu cha kwanza ni kwenda kununua mfuko mpya mzuri wa kitambaa, alafu safari inayofuata wameusahau nyumbani wananunua mwingine, na mwingine tena, mwisho nyuma ya mlango kuna rundo la mifuko ambayo haijatumika hata mara tano. Hapo hujapunguza kitu. Mfuko wa kudumu faida yake inakuja ukitumika tena na tena, yani huohuo mmoja, mpaka uchakae kabisa.

Na hili lina hesabu yake. Mwaka 2011 wakala wa mazingira wa Uingereza ulitoa ripoti ikilinganisha aina mbalimbali za mifuko kwa upande wa kuchangia joto la dunia, ikaonekana mfuko wa pamba unatakiwa kutumika mara 131 ndo uwe sawa na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja ukatupwa. Ukifanya manunuzi mara moja kwa wiki hiyo ni kama miaka miwili na nusu. Ile mingine inayofanana na kitambaa lakini imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki yenyewe ilihitaji mara 11 tu, na wa karatasi mara 3, ila wa karatasi ukilowa tu umekwisha kwa hiyo kufikisha hizo tatu sio rahisi. Pamba inatumia maji na nishati nyingi kuanzia shambani mpaka kiwandani, ndo maana. Lakini usichukulie hiyo ripoti kama ruhusa ya kurudi kwenye plastiki, maana hizo namba zinahusu joto la dunia tu, hazigusi mitaro inayoziba wala wanyama wanaomeza nailoni. Bangladesh iliipiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki mwaka 2002, nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo, baada ya kuonekana inaziba mitaro na kuzidisha mafuriko.

Kwa hiyo usikimbilie dukani, anza na ulichonacho. Begi la mgongoni, kikapu, mfuko ule wa zamani wa semina, kiroba cha nafaka kilichooshwa vizuri, vyote vinafanya kazi. Kama una fulana nzito usiyoivaa tena, ikate mikono, kata shingo iwe pana, igeuze ndani nje, shona pindo la chini mara mbili kwa uzi imara, igeuze tena, umepata mfuko. Mabega yanakuwa ndo mishikio. Ubaya wake fulana inavutika, ukiweka vitu vizito inarefuka mpaka inakaribia kugusa chini, kwa hiyo iwe ya vitu vyepesi. Shuka la zamani au suruali ya jinzi inatoa mfuko mgumu zaidi.

Kama ni lazima ununue, angalia mshikio kabla ya rangi. Mfuko huwa haufi katikati, unafia pale mshikio unaposhikana na mdomo wa mfuko. Geuza uangalie kwa ndani: ukikuta mshono ni mstari mmoja tu umepita juujuu, uache, unatakiwa uone kiboksi kilichoshonwa pande zote nne na alama ya X katikati, au bora zaidi mkanda wa mshikio unaoshuka mpaka chini ukapita chini ya mfuko na kupanda upande wa pili, hapo mzigo unabebwa na mkanda sio kitambaa. Shika mshikio mkono mmoja, mfuko mkono mwingine, vuta kwa nguvu kidogo, uzi ukianza kufunguka matundu achana nao. Angalia pia urefu, mshikio uweze kuingia begani, maana kubeba kwa vidole umbali mrefu kunaumiza na utarudi kwenye plastiki bila kupenda. Usichukue mkubwa sana. Mfuko mkubwa utaujaza, ukiujaza hutaweza kuubeba, viwili vya wastani ni bora na mzigo unagawanyika mikono yote.

Sasa kukumbuka. Hapa ndo watu wengi wanashindwa na mimi naona hapa ndo penye kazi kubwa kuliko pengine pote. Usitegemee kichwa, tegemea mahali. Mfuko ukae sehemu ambayo huwezi kutoka bila kuuona, kwenye kitasa cha mlango, kwenye msumari unaotundika funguo, ndani ya viatu unavyotokea. Alafu uwe na mwingine mwembamba unaokunjika ukawa mdogo kama leso, huo unaishi ndani ya begi au mfuko wa suruali siku zote na haushuki, kwa ajili ya zile siku unapita tu njiani ukakumbuka kitu. Wenye gari au baiskeli au pikipiki wauache hukohuko. Na hatua ya mwisho ambayo watu wanairuka: ukishatoa vitu nyumbani, mfuko urudi mahali pake hapohapo, kabla hujaanza kupanga vitu kabatini. Ukiuacha jikoni kesho utatoka bila huo.

Yule msweden aliyebuni mfuko wa plastiki tunaoujua leo, Sten Gustaf Thulin, ambao kampuni yake iliupatia hataza, yani haki ya kisheria ya ubunifu, mwaka 1965, mwanawe amesimulia kwamba mzee alikuwa anatembea na wake umekunjwa mfukoni na alishangaa watu kuutupa baada ya kuutumia mara moja. Kwa hiyo hata mifuko ya plastiki uliyonayo ndani usiitupe yote leo kwa hasira, itumie mpaka itoboke.

Dukani, toa mfuko wako mapema uuweke juu ya kaunta KABLA bidhaa hazijaanza kupigwa hesabu, na sema wazi kuwa una mfuko, kwa sababu wahudumu wana haraka na mkono unaenda wenyewe kwenye plastiki. Ukiwahi kusema hakuna usumbufu. Kupanga: vizito na vya chupa chini, vya kuvunjika na kupondeka juu, vya baridi viwekwe pamoja vinatunzana ubaridi. Kwa matunda na mboga beba vifuko vidogo vya wavu au vya kitambaa chepesi, maana wengi wana mfuko mkubwa mzuri wa kitambaa lakini ndani yake kuna vinailoni sita vya mboga.

Nyama mbichi, kuku na samaki wawe na mfuko wao peke yao, na hili usilifanyie mchezo. Maji ya nyama yakivuja yanaingia kwenye mshono, bakteria wanazaliana, safari inayofuata umeweka humo matunda yanayoliwa bila kupikwa. Chagua rangi moja iwe ya nyama tu na nyumba nzima wajue, au beba bakuli lenye mfuniko linalofunga vizuri. Mfuko wa chakula usibebe viatu, nepi wala dawa za wadudu.

Kufua ni rahisi ila wengi hawafui kabisa. Wa pamba fua na maji ya moto na sabuni, ukiugeuza ndani nje, na zile kona za chini utoe vumbi na mabaki ya majani kwa kidole kabla ya kuloweka. Ile ya nyuzi za plastiki fua kwa mkono na maji ya uvuguvugu, usipige pasi, itayeyuka. Wenye kitambaa cha kutunza ubaridi unapanguswa tu kwa sabuni. Wa nyama fua kila ukirudi, mingine ukiona imechafuka au mara moja moja hata kama inaonekana safi. Ikauke KABISA kabla ya kukunja, ukikunja mbichi inaota ukungu na harufu yake haitoki kirahisi. Ile ya nyuzi za plastiki usiiache juani muda mrefu wala dirishani kwenye gari, jua linaila, inakuwa kavu na kuanza kupukutika unga, na huo unga ni plastiki.

Uzi ukianza kulegea shona siku hiyohiyo, dakika chache tu, ukisubiri mpaka mshikio ung'oke unachana na kitambaa chenyewe. Wa pamba ukifika mwisho kabisa ukate vitambaa vya kufutia, mishikio itoe uihifadhi maana itaingia kwenye mfuko mwingine. Wa nyuzi za plastiki usiuchome moto, moshi wake ni mbaya, kama unapoishi hawapokei za kurejeleza basi uwekee takataka, uufunge, uende nazo.