SOMO: Unataka kusaidia mashirika ya msaada wa kisheria kwa wahamiaji Marekani? Anzia hapa

Wadau, kila wiki napokea ujumbe uleule: "Nataka kusaidia wahamiaji, naanzaje?" Nimeamua kuandika mara moja, kwa kirefu.

Katika mahakama ya uhamiaji ya Marekani una haki ya kuwa na wakili, ila serikali haikulipii. Asiye na pesa husimama peke yake mbele ya jaji, na upande wa pili yupo mwanasheria wa serikali. Pengo hilo ndilo mashirika haya yasiyo ya faida yanajaribu kuliziba.

1. Chagua shirika. Uliza nani anasaini mafaili: awe wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Ripoti yao ya fedha, Fomu 990, iko wazi kwa umma.

2. Una pesa? Toa kidogo kila mwezi. Kesi huchukua miaka.

3. Huna pesa? Toa Kiswahili chako. Jiandikishe kujitolea, saini ahadi ya kutunza siri.

4. Kutafsiri maelezo ya mteja. Hapa niliharibu, kwa hiyo someni polepole. Mama mmoja aliyeomba hifadhi aliandika: "Ndugu yangu alichukuliwa saa mbili usiku." Nikatafsiri kuwa ni kaka yake, na saa nikaiacha na namba 2, ikasomeka kama usiku wa manane. Kumbe alikuwa mtoto wa mjomba wake, na ilikuwa saa mbili yetu, ambayo Mzungu huiandika 8 ya jioni. Mahojiano yake ya awali yalikuwa sahihi, mimi ndiye niliyemfanya aonekane mwongo. Kwa sheria ya REAL ID ya 2005, jaji anaweza kukataa kumwamini mwombaji hata kwa tofauti isiyogusa kiini cha madai yake. Wakili aliliona kosa kabla faili halijapelekwa. Hadi leo nikilikumbuka moyo unanienda mbio.

Kwa hiyo: uliza ndugu yupi, wa tumbo moja au wa ukoo. Baba mdogo usimwandike baba. Badilisha saa, kisha msomee mteja tena. Akisema "walinifanyia vibaya," usibahatishe maana yake wala usiipambe, mwachie wakili aulize kwa upole. Tarehe ikikushangaza, usiirekebishe. Mwambie wakili.

5. Ambatisha cheti cha tafsiri: kwamba unazimudu lugha zote mbili, na tafsiri ni ya kweli na sahihi kadiri ya uwezo wako. Weka saini.

MASWALI

Swali: Dada, naweza kupitisha kwenye programu ya kutafsiri halafu nikasaini tu?
Jibu: Hapana. Rudia namba 4 na 5.

Swali: Mnalipwa shilingi ngapi?
Jibu: Hatulipwi. Nimeandika kujitolea.

Swali: Jirani yangu ana miezi kumi tangu aingie, hajaomba hifadhi. Nimjazie fomu mwenyewe? Kiingereza changu kizuri.
Jibu: Usimjazie! Kiingereza kizuri si uanasheria. Fomu I-589 inatakiwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia, na njia za kusamehewa kuchelewa ni chache. Mpeleke kwenye shirika wiki hii, ukae naye kama mkalimani.

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni wa Goma. Naona wakalimani wa pwani hawawaelewi vizuri watu wetu. Kuna namna naweza kufaa?
Jibu: Marahaba mdogo wangu, wewe ndiye tunayekutafuta. Mkongo akisema "yaya" anamaanisha mkubwa wake wa kuzaliwa, mtu wa Dar anasikia mlezi wa watoto. Akitaja saa kwa Kifaransa, hiyo tayari ni saa ya Kizungu, usiigeuze. Ukiwa na shaka, uliza kama jua lilikuwa limezama. Jiandikishe ukitaja kabisa kwamba ni Kiswahili cha Kongo, na andaa orodha ya maneno ya namna hiyo uwagawie wenzako. Nitumie na mimi.

Swali: Sijui kutafsiri, nina gari tu.
Jibu: Gari ni msaada mkubwa, kaka. Asiyefika mahakamani anaweza kuamriwa aondolewe nchini bila kusikilizwa. Uliza shirika nani hana usafiri siku ya kesi yake. Na mteja akihama nyumba, mkumbushe: mahakama ijulishwe ndani ya siku 5 za kazi kwa fomu EOIR-33, na idara ya uhamiaji ndani ya siku 10 kwa AR-11. Ni taarifa mbili tofauti, moja haifiki kwa mwenzake.