Jinsi ya kumdai mpangaji kodi Dar bila kung'oa mlango

Hii ni kwa wenye nyumba, ila wapangaji nanyi someni mjue mnapelekwa wapi. Nimesimamia kesi ya nyumba ya mama yangu iliyoko Tabata, mpangaji kalipa miezi sita ya kwanza safi kabisa, baada ya hapo ikawa "nivumilie mwisho wa mwezi" na mwisho wa mwezi wenyewe haufiki, na chumba hatoi.

Kwanza usifunge kufuli, usitoe bati, usikate maji. Majirani watakwambia mwagie vyombo nje huyo, nao ndo watakaokuwa wa kwanza kusema hawakuona kitu. Ukimwaga vyombo, yeye ndo anageuka mlalamikaji na atakuja na orodha ya vitu ulivyompotezea, tivii ya inchi 55 imo hata kama mlikuwa mnamsikia na redio tu.

Andika notisi. Miezi anayodaiwa, kiasi, tarehe ya mwisho ya kulipa (wengi wanatoa siku 30), asaini nakala yako. Akigoma kusaini nenda na mjumbe au mtu wa serikali ya mtaa aandike kwamba amepewa akakataa. Na hesabu iwe imenyooka, maana wa kwetu alitoa risiti za LUKU (umeme wa kulipia kabla) akasema kodi ya jengo ya 1,500 kwa mwezi anakatwa yeye kwenye umeme wakati nyumba sio yake, na hapo kusema kweli alikuwa na haki, tukaipunguza kwenye deni. Afadhali uipunguze mwenyewe mapema kuliko uumbuliwe mbele za watu.

Ofisi ya serikali ya mtaa mtaitwa, mtakaa kwenye benchi, mwenyekiti atatoa nasaha. Faida kubwa ya pale ni moja: akiahidi kulipa, aandike na asaini. Karatasi hiyo ni kukiri deni.

Sasa Baraza la Kata, ndo palipotula muda. Unaenda kata ilipo nyumba, sio unapokaa wewe. Tangu sheria ibadilishwe 2021 baraza hili halitoi tena hukumu, linasuluhisha tu, lakini huwezi kulikwepa kama unataka mpangaji atoke, kwa sababu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri mpaka kata iseme imeshindwa kuwasuluhisha. Wakili haruhusiwi pale, ila ndugu anaweza kumsimamia mwenye shauri akiomba, mimi nilisimama kwa niaba ya mama bila shida.

Shida ni kwamba wajumbe wa baraza wana kazi zao, leo akidi haijatimia, wiki ijayo katibu ana msiba, na mpangaji akishajua hilo haji kabisa. Kwa hiyo siku unayopeleka malalamiko hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye TAREHE. Sheria inasema zikipita siku 30 tangu shauri lifunguliwe na hawajawasuluhisha, unaruhusiwa kwenda wilayani bila cheti chao cha kusema usuluhishi umeshindikana. Bila ule muhuri utathibitisha vipi kwamba siku 30 zimepita? Na wakikupa cheti kisome hapohapo kabla hujatoka mlangoni. Cha kwetu kiliandikwa "mdaiwa hakufika", basi, tukarudishwa toka wilayani kwamba haijaandikwa kuwa usuluhishi umeshindikana. Kurudi kwa ajili ya sentensi moja, na katibu kasafiri.

Wilayani unajaza maombi, unaambatanisha notisi, mkataba, cheti, risiti au miamala ya simu, unapewa kontrol namba unalipa. Sistimu ikiwa imegoma utaambiwa njoo kesho, beba kitabu. Kama mwenye nyumba ni mzazi na wewe ndo unayehangaika, hata huku sheria inaruhusu ndugu asimame kwa niaba yake, na wakili naye anaruhusiwa.

Halafu mkataba. Wetu ulikuwa ule wa kununua steshenari, umesainiwa na mashahidi wawili, tukajiona tuko vizuri. Haujalipiwa ushuru wa stempu, na hati isiyolipiwa haipokelewi kama ushahidi mpaka ulipe ushuru pamoja na faini. Ushuru wenyewe ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, yaani chumba cha 200,000 kwa mwezi ni 24,000 tu, na unatakiwa uulipe ndani ya siku 30 tangu kusaini. Hela ndogo, ila faini na foleni ya TRA (mamlaka ya mapato) vinakuja kwa wakati mbaya, na dirishani wakishaona ni nyumba ya kupangisha wanauliza na kodi ya mapato ya pango, kwa hiyo usiende kichwa kichwa.

Kinachofuata ni kuahirishwa. Anasikiliza mwenyekiti akiwa na wazee wa baraza wawili, na mmoja wao asipokuwepo mnaweza kupangiwa tarehe nyingine. Nenda kila tarehe, hata ukijua itaahirishwa, maana mwombaji asipotokea shauri linaweza kufutwa.

Ukishinda usianze kuhesabu hela. Hukumu ni karatasi, aliyeshindwa ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na akikaa kimya bado unafungua maombi ya kukazia hukumu ndo dalali wa baraza aende kumtoa au kukamata mali. Gharama za dalali unaanza kutoa wewe, kwa hiyo kabla hujafika huko angalia kama ndani kuna cha kukamata. Sisi tulichukua chumba, hela tumeandikiana alipe kwa mafungu.

Kama mpangaji ameshahama na unadai hela tupu, uliza kwanza masjala kabla ya kulipia chochote, kuna mashauri ya hivyo yanachukuliwa kama madai ya mkataba na yanaenda mahakama za kawaida. Deni la kodi lina miaka 6 ya kudaiwa, ila namba yake ya simu haitadumu hata nusu ya hiyo.