Kizee wa Nyumba ya Nyoka: Namna ya Kusimulia Upya Ngano kwa Jicho la Mwanamke

Bibi yangu alikuwa akisuka ukili huku anasimulia, na katika kisa cha Sultani Darai mikono yake ilisimama mahali pamoja tu. Ni pale paa anapofika kwenye jumba kubwa la mawe, kimya, akamkuta kizee mmoja ndani. "Wenyewe wako wapi?" "Wameliwa na nyoka." Hapo bibi aliguna, akaloanisha ukili, akaendelea na hadithi. Miaka mingi ilipita ndipo nikatambua kuwa mambo ninayoandika yote yamo ndani ya mguno ule.

Jioni wanawake hunijia barazani hapa Ngamiani, Tanga, na madaftari yao. Wanataka kuzisimulia upya ngano za utotoni, wanawake wa humo wapate kusema, na yale ya kutisha yasifunikwe. Wengi huanza kwa kumkabidhi binti wa sultani panga. Mimi huwaambia giza limo tayari ndani ya ngano. Tafuta mahali hadithi inapokimbia, usimame hapo. Nitaonyesha ninavyofanya kwa kisa hichohicho.

Kwa aliyekisahau: maskini anayechakura jaani anaokota thumuni, anamnunua paa. Paa anasema kama mtu. Anamposea bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba, jumba la nyoka linakuwa la bwana. Kisha paa anaugua, bwana hamtazami, paa anakufa. Bwana analala tajiri, anaamka yuko jaani.

Hatua ya kwanza: anza na ngano uliyoisikia kwa masikio

Mwendee aliyekusimulia, au aliye hai katika rika lake. Omba ruhusa, washa simu urekodi, kisha mwache aseme. Ukiandika, andika kila kitu: kikohozi, "basi tena", mahali aliporudia, mahali aliporuka. Usimsahihishe Kiswahili chake. Kama ni Mbondei au Mdigo na ndani ya ngano mna wimbo wa lugha ya nyumbani, wimbo ubaki ulivyo.

Maandishi ya zamani yapo. Kisa cha Sultani Darai kilichukuliwa Unguja na Edward Steere, mmisionari Mwingereza, kikachapwa London mwaka 1870. Yasome ukishapata chako. Ukitangulia kuyasoma, utaacha kuusikia mguno.

Hatua ya pili: tafuta sentensi inayokimbia

Hapa ndipo ninapokaa siku nyingi. Chukua kalamu nyekundu, upigie mstari kila kitenzi cha kutendwa kinachomhusu mwanamke. Akaozwa. Akapelekwa. Akaachwa. Akaliwa. Kisha tazama ile "-ka-". Ndiyo miguu ya ngano yetu, inayosukuma mambo mbele: akaenda, akafika, akasema. Ni tamu, lakini ndiyo hiyo inayompitisha mwanamke mbio. Bibi alisimulia hivi:

*Sultani akakubali, binti akaozwa, akapelekwa kwa mumewe, wakakaa raha mustarehe.*

Vitenzi vinne, na maisha ya mtu yamekwisha. Sasa toa "-ka-" mahali pamoja tu, tena palepale panapouma:

*Sultani akakubali. Binti yuko ghorofani anasukwa nywele. Anasikia vigelegele uani. Anamuuliza msusi, "Leo kuna harusi ya nani?" Msusi amenyamaza, anavuta nywele, anasuka kwa nguvu kuliko jana.*

Sikuongeza tukio. Posa ni ileile, na baba ni yuleyule. Nimebadilisha mwendo wa kitenzi, na sasa msikilizaji anajua kwamba binti hakuulizwa. Fanya hivi mara mbili au tatu katika ngano nzima. Ukiondoa "-ka-" zote, hadithi italala.

Hatua ya tatu: chagua msemaji

Binti wa sultani ni chaguo la haraka, na mara nyingi si baya. Ila tafuta kwanza yule ambaye hadithi inamtumia na kumsahau. Mimi nilimchukua kizee. Nyoka amewala watu wa mji wote, yeye akambakiza. Kwa nini? Jiulize maswali ya jikoni: anakula nini, analala wapi, nani anateka maji. Nilipofika kwenye chakula nikapata sauti yake:

*Kichwa cha kwanza hakili samaki. Cha pili kinataka wali usiotiwa nazi. Cha tatu hakisemi kinataka nini mpaka sahani ishawekwa. Cha nne na cha tano vinagombana, nami ndiye ninayepigwa mkia. Cha sita kinalala. Cha saba huniuliza nimeamkaje, kwa upole kabisa, na hicho ndicho ninachokiogopa.*

Nilipoisoma barazani, mama mmoja alicheka mpaka kichwa cha tano, kisha akanyamaza. Nikajua imefika.

Mkitaka kuanza na mama wa kambo, mtendeeni haki. Katika toleo la mwaka 1812 la ngano zilizokusanywa na ndugu Grimm wa Ujerumani, anayetaka kumuua yule msichana mweupe kama theluji ni mama yake mzazi. Toleo la 1819 likambadilisha kuwa mama wa kambo. Kuna mtu alikaa mezani akauhamisha ubaya kutoka kwa mwanamke mmoja kwenda kwa mwingine, na baba akabaki pembeni, hajaguswa. Kila nikikutana na mama wa kambo katika ngano zetu, namtafuta kwanza baba: alikuwa wapi mtoto alipokuwa akilala na njaa?

Na mwenye asili ya Usambaa anacho kisa cha Mbegha, mwindaji aliyekuja kuwa mtawala. Husimuliwa kuwa alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota, na kigego aliogopwa kama mkosi, wengine wakauawa wangali wachanga. Andika usiku ambao mama, akimnyonyesha, anaugusa ufizi kwa kidole na kulikuta jino upande wa juu, kabla mtu mwingine hajaliona. Usiku huo mmoja unatosha kwa hadithi nzima.

Hatua ya nne: pima giza

Hadithi yangu ya kwanza ya kizee niliijaza damu. Alichukua panga, akakata vichwa, akamkata na paa, akawakata wanaume wote waliokuja jumbani. Nilijivunia. Shangazi yangu alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyu si kizee. Huyu ni mwanamume kavaa kanga." Iliniuma, na alisema kweli. Nilikuwa nimembadilisha mkata vichwa, na mwanamke mwenyewe sikumtazama.

Tunaye mwalimu katika hili. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, aliimba habari ya mwanamke aliyeuawa Unguja, muuaji akatoroka na wanawake waliotoa ushahidi wakafungwa. Mshtuko wote uko mahakamani, kwenye hukumu. Shaaban Robert wetu, mzaliwa wa Vibambani, ndiye aliyeandika wasifu wa Siti. Kwa hiyo ukiandika tendo la kutisha, liseme kwa sentensi moja fupi, halafu kaa na walionyamaza.

Hatua ya tano: usitupe mlango wa ngano

"Paukwa!" "Pakawa!" Iache. Aliyeitikia amekwishakubali kusikia, na giza litamkuta amekaa nawe kwenye mkeka.

Hatua ya sita: isome kwa sauti

Iwe baada ya isha, watoto wamelala, na wawepo wanawake waliokuzidi umri. Ulimi ukikwama, sentensi ina kasoro. Atakayelia, acha kusoma, kaa naye. Atakalokusimulia baadaye ni lake. Usilitie katika hadithi yako bila idhini yake, hata ukibadilisha jina na mtaa.

Hatua ya saba: mwisho

Bibi alimaliza na yule mwanamume jaani. Kizee alikwenda wapi, hakusema. Niliandika kurasa nne za kumfariji, nikazifuta zote, nikabakiza asubuhi ya kwanza baada ya nyoka kufa. Kumekucha, jumba kimya. Kizee ameteka maji, amewasha moto, amepanga sahani saba. Anaitazama ya saba. Anaketi, anajipakulia humo.