Simba Day na mshkaji wako ukitokea Mbeya, hatua kwa hatua

Kila mwaka ikifika mwezi wa sita watu wanaanza kunifuata pale Mwanjelwa ninapouza mitumba, kaka nataka kwenda Simba Day na rafiki yangu naanzia wapi, nimechoka kurudia maelezo yale yale ndo maana nimekaa leo niyaandike yote. Simba Day ni ile siku klabu ya Simba inatambulisha wachezaji wake wa msimu mpya kwa mashabiki, kule uwanja wa Mkapa, Dar. Mimi nimeenda mara kadhaa na kila mara naenda na mtu mmoja, mshkaji wangu wa Mafinga anayefanya kazi ya mbao, na kitu nilichojifunza ni kwamba safari ya watu wawili inaharibika kwa vitu vidogo ambavyo hamkuviongea mapema. Uwanja wenyewe, muziki, mechi, hivyo vipo na vitakuja. Nyie wawili mkiwa hamjaelewana ndo mnaishia kila mtu amekaa upande wake.

Kama wewe ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, usiondoke, Wiki ya Mwananchi kilele chake mara nyingi kinafanyika uwanja ule ule na barabara ni ile ile, badilisha rangi ya jezi tu mengine yote yanakuhusu.

Hatua ya 1: jua tarehe kabla hujaahidi mtu

Simba Day ilianza 2009 na asili yake ni tarehe 8 Agosti, Nane Nane, kwahiyo wazee wengi bado wanakuambia tarehe nane. Siku hizi inahama. 2023 ilikuwa tarehe 6, 2024 ikawa tarehe 3. Usimwambie mwenzako aombe ruhusa kazini kwa kukisia, subirini klabu itangaze ndo mpange, na kwa sisi wa Mbeya angalia pia kama haigongani na siku zako za biashara maana wiki ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale pana hela, kuna watu wanauza wiki ile kuliko mwezi mzima.

Hatua ya 2: hela, na iongelewe kwa shilingi

Hapa ndo urafiki unapopimwa. Msiseme "tutaona huko huko". Mimi na yule wa Mafinga tunapigiana simu mapema kabisa, tunataja vitu kimoja kimoja: nauli kwenda na kurudi, guesti usiku wa ngapi, tiketi, chakula, usafiri wa mjini, na ya dharura. Alafu kila mtu anaweka elfu mbili kila siku kwenye kibubu chake cha simu, siku sitini ni laki na ishirini, haiumi maana kwetu huku mwezi wa sita na wa saba watu wametoka kuvuna mpunga na mahindi, mzunguko wa hela upo.

La pili, chagueni mtu mmoja awe mweka hazina wa safari. Vitu vya pamoja kama guesti na bajaji analipa yeye na anaandika kwenye simu. Mkilipa kwa kupokezana, leo wewe kesho yeye, siku ya tatu kila mmoja anahisi ametoa zaidi na hakuna anayesema, mnanuniana tu kwenye basi.

Hatua ya 3: kadi ya tiketi, KILA MTU NA YAKE

Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Kuingia Mkapa unatumia N-Card, ile kadi ya kielektroniki, tiketi inanunuliwa na kuingia kwenye kadi, getini unaigusisha kwenye mashine. Kwahiyo kata kadi mapema ukiwa bado Mbeya, nunua tiketi mapema, na hifadhi ile meseji ya malipo usiifute. Mzunguko, yaani viti vya kawaida, ndo bei ya chini na ndo kwenye raha yenyewe, ngoma, vuvuzela, watu wamesimama dakika tisini. Kama unaenda na mzee au mtu mwenye shida ya miguu ongezeni hela mkae VIP, ila mkate wote daraja moja. Nimeona marafiki mmoja kakata VIP C mwingine mzunguko eti watakutana ndani, ndani hamkutani.

Sasa niwaambie yaliyotupata 2023. Mafinga mwezi wa nane ni baridi kali, asubuhi ukungu umelala juu ya misitu ya Sao Hill, mshkaji wangu akapanda basi na jaketi zito la kaki na kadi yake kaiweka mfuko wa ndani wa lile jaketi, akafunga zipu, akapiga piga kifua kunionyesha kwamba ipo salama. Basi likateremka mlima Kitonga, joto likaanza, kufika Dar jaketi likavuliwa likatundikwa msumarini nyuma ya mlango wa guesti kule Tandika. Siku ya siku tumevaa jezi tumetoka zetu, tumekaa foleni lisaa na nusu, tumebakiza kama watu kumi kufika kwenye mashine, namuona anajipapasa suruali. Mfuko wa kulia, wa kushoto, wa nyuma, alafu akaniangalia. Hakusema kitu na mimi sikuuliza, nilishaliona lile jaketi kichwani mwangu.

Akachukua boda kurudi Tandika. Mimi nikabaki nje namsubiri maana nilimwambia siingii bila yeye. Kurudi ikawa kazi, njia za karibu na uwanja zimejaa, boda ikamshusha mbali, simu haipatikani, watu wanazidi kumiminika. Utambulisho wa wachezaji niliusikiliza nikiwa nje ya ukuta, jina linatajwa uwanja unalipuka na mimi nipo na muuza maji tunaangaliana. Bao la kwanza dhidi ya Power Dynamos ya Zambia nalo nililisikia kwa kelele tu. Tulipoingia viti vya pamoja havipo, yeye akapata huku mimi kule, tukashinda 2-0 na kila mtu kashangilia na watu asiowajua. Iliniuma sana bana, kilomita zaidi ya mia nane nimesafiri ili niangalie naye alafu nashangilia peke yangu.

Toka siku hiyo tuna utaratibu. Kadi inakaa kwenye kikava cha simu, nyuma ya simu. Na kabla mlango wa guesti haujafungwa kila mmoja anamuonyesha mwenzie kadi kwa macho, usikubali neno "ipo", ione.

Hatua ya 4: basi

Mimi naondoka siku mbili kabla. Mechi ikiwa Jumamosi, Alhamisi nipo barabarani, Ijumaa napumzika. Basi la saa 12 asubuhi linafika Mbezi usiku, saa mbili au tatu kutegemea na foleni za malori na mizani. Tangu 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku kwahiyo unaweza kuondoka jioni ukafika asubuhi, ila ukitoka hapo ukaunganisha moja kwa moja uwanjani utasinzia kabla hata wasanii hawajamaliza.

Kama mwenzako anapandia njiani, Makambako, Mafinga au Iringa pale Ipogolo, wewe wa Mbeya ndo ukate tiketi zote mbili viti vya jirani. Ongea na wakala vizuri, wengi watataka nauli nzima ya kutoka Mbeya hata kama mtu anapandia Mafinga kwasababu kiti kinatembea kitupu, sisi huwa tunakubali na ile tofauti tunagawana nusu kwa nusu. Alafu mpigie simu ukifika Makambako, asije stendi kuanzia alfajiri anaganda na baridi bure.

Chakula beba. Chapati, mayai ya kuchemsha, parachichi za Rungwe mbili tatu, ndizi. Maji kunywa kidogo kidogo maana basi likisimama kuchimba dawa ni dakika chache na dereva hamsubiri mtu, na mwenzako akishuka wewe baki kwenye kiti ulinde mizigo, mkipishana. Nguo vaa za tabaka: tisheti ndani, sweta juu. Kitonga ukishamaliza kuishuka unavua, Ruaha Mbuyuni joto la kweli linakupokea.

Hatua ya 5: kulala

Stendi ya Magufuli ipo Mbezi, uwanja upo Temeke, ni pande mbili za mji. Usilale Mbezi kwa kudhani utaamka mapema, foleni itakula siku yako. Tafuta guesti Temeke, Tandika, Keko au Chang'ombe, piga simu wiki mbili kabla na utume kianzio, mkiwa wawili chukueni chumba cha vitanda viwili ni nafuu. Usiku ukishuka Mbezi na mizigo usikubali kila anayekuvuta begi, mpatane bei kabla hamjapanda chochote.

Ijumaa nendeni mkauone uwanja kwa nje kukiwa kumetulia. Tembeeni kwa miguu kutoka guesti, hesabuni dakika, jueni geti lenu lipo upande gani. Mkapa unabeba watu elfu sitini, siku yenyewe hutaweza kusimama uangalie angalie.

Hatua ya 6: mahali pa kukutana mkipotezana

Mtapotezana. Siwatishi, ndo ilivyo. Watu wengi kiasi kile wakiwa na simu sehemu moja mtandao unabana, simu haiiti, picha haziendi, meseji ya kawaida ndo angalau hupenya ikichelewa. Kwahiyo chagueni sehemu mbili, moja ya ndani moja ya nje. Ya ndani iwe kitu kisichohama, mfano mlango wenye herufi fulani mlioingilia. Usiseme "pale kwa muuza juisi" muuza juisi anahama. Ya nje sisi tunatumia geti la chuo cha DUCE, kila mtu wa maeneo yale anakijua, hata simu ikizima unauliza unaelekezwa. Wengine wanatumia Uwanja wa Uhuru, Shamba la Bibi, ila siku ile nao huwa na watu wengi.

Na wekeni saa. Sisi tunasema: mechi ikiisha, nusu saa, upo DUCE. Usipoonekana nakusubiri nusu saa nyingine alafu naenda guesti, tunakutana huko. Hapo hakuna wa kuzunguka uwanja mzima na roho juu.

Namba ya mwenzako iandike kwenye karatasi. Pawabenki moja inatosha watu wawili.

Hatua ya 7: siku yenyewe

Kula chai nzito, wali au supu na chapati. Saa nne muwe kwenye foleni, mkichelewa sana mtakaa mbali mbali. Chupa na begi kubwa acheni guesti, mtazuiwa getini. Simu mfuko wa mbele. Jezi nunueni mapema huku huku kwetu kwenye duka la uhakika, zile za kando ya barabara siku ya mechi nyingine zinachuja rangi ukishatoka jasho na wale wanaouza tiketi mkononi waacheni kabisa, anakuuzia kadi haina kitu ndani.

Burudani inaanza mchana, wasanii, ngoma, sarakasi, msipige kelele zote mkazimaliza saa saba. Tunzeni sauti kwa ajili ya utambulisho. Jioni jua likishapoa wanaanza kuita wachezaji mmoja mmoja, anatoka kwenye lile shimo la vyumba vya kubadilishia nguo anakimbia peke yake katikati ya uwanja. 2024 tulikuwa tumekaa bega kwa bega safari hii, mzunguko, na lilipotajwa jina la Edwin Balua, kijana aliyetokea Tanzania Prisons ya kwetu Mbeya, mshkaji wangu ambaye ni Mhehe wala sio wa Mbeya alinishika shingo akanitikisa akawa anapiga kelele "wa kwenu huyo, wa kwenu huyo", tumewahi kumuona uwanja wa Sokoine pale Mbeya akicheza mbele ya watu wachache jioni ya baridi. Nikalia. APR ya Rwanda tukaifunga 2-0, nayo ilikuwa raha, ila kama kuna dakika moja ningepewa niirudie ningechukua ile ya shingo.

Hatua ya 8: kutoka na kurudi

Mpira ukiisha msikimbilie mlango, kaeni dakika kumi na tano msongamano upungue. Tembeeni hadi guesti kwa miguu kama ni karibu, daladala saa ile ni kugombania. Basi la kurudi msikate la saa 12 asubuhi ya kesho yake, mtalala masaa matatu na kuikimbilia Mbezi giza, kateni la mchana au la jioni.

Hesabu mzimalize ndani ya basi, simu ya mweka hazina itoke, kila kilicholipwa kisomwe, anayedaiwa atume hapo hapo kabla mmoja wenu hajashuka. Sisi tunamalizia Ruaha Mbuyuni, pale mshkaji wangu hushuka kununua vitunguu vya kupeleka nyumbani, anarudi kwenye kiti na mfuko wa wavu magotini, basi linaanza kupanda Kitonga, madirisha yanafungwa moja moja na yeye anavaa jaketi lake.