Kufunika kidonda sugu kwa ngozi ya samaki

Kwanza namuuliza mgonjwa: ukila samaki unavimba au unawashwa? Akisema ndiyo, naiacha njia hii. Mzio si jambo la kubahatisha.

Ngozi ninayotumia imeandaliwa kiwandani, ikaondolewa magamba na chembe hai zote, ikatakaswa. Iliyotoka jikoni usiguse kidonda nayo, nakusihi, itakuletea vijidudu.

Kazi kubwa iko kwenye usafi. Naosha kidonda, nakwangua nyama iliyokufa mpaka nione wekundu wenye damu kidogo. Nikikuta usaha, natibu maambukizi kwanza. Kisha naloweka kipande cha ngozi hiyo kwenye maji safi ya chumvi ya hospitali hadi kilainike, nakikata kwa umbo la kidonda na kukibonyeza taratibu kigusane na nyama kote. Pasipogusana, chembe za mwili haziwezi kuingia kwenye kolajeni yake, yaani protini inayoipa ngozi umbo, na kujenga nyama mpya. Juu naweka bandeji isiyonata.

Baada ya wiki naangalia. Kipande kikiwa kimegeuka utelezi wa manjano, usikibandue ukidhani ni usaha: mwili unakinyonya. Harufu mbaya, homa au wekundu unaosambaa ndivyo vya kukimbilia kwa daktari.