SOMO: Umefanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo (mfuko wa chakula, ili upungue uzito) Dar? Usikimbilie basi la Mtwara

Habari zenu wana Kusini. Wengi wakiona kidonda kimekauka wanajua wamemaliza, hapana jamani, hatari kubwa nyingi zinakuja ukishatoka wodini.

Hatua 1. Kabla ya operesheni sigara acha kabisa, angalau wiki 6, na ile diet ya wiki 2 unayopewa hospitali ifuate, inasinyaza ini daktari apate nafasi ya kufanya kazi.

Hatua 2. Tembea siku hiyohiyo wakikuruhusu, damu isigande miguuni maana donge likipanda kwenye mapafu linaua. Sindano za kuzuia damu kuganda usizikatishe. Na Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500 za kukaa, kwahiyo muulize kwanza daktari, na basi likisimama Nangurukuru shuka utembee.

Hatua 3, hii naomba muisome mara mbili. Pale waliposhona tumbo kwa ndani panaweza kuvuja, hasa wiki 2 za mwanzo. Moyo ukienda mbio kupita 120 kwa dakika na umetulia tu, tumbo linazidi kuuma, bega la kushoto linauma, unahema, usisubiri asubuhi na usisubiri homa, inaweza isije kabisa. Nenda hospitali ya Ligula au Hospitali ya Kanda hapo Mtwara usiku huohuo na neno la kwanza waambie umefanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo.

Hatua 4. Mwanzo vya majimaji tu, halafu vya kusagwa, halafu laini. Maji kama lita 1.5 kwa siku, kidogokidogo. Ming'oko na korosho zitakusubiri.

Hatua 5. Vitamini ni za maisha yote.

MASWALI

Mdau wa Masasi: Mgongo unaniuma, nimeze diclofenac?
Jibu: Hapana dada, hasa kama ni bypass (ile operesheni ya kukipitisha chakula kando ya sehemu kubwa ya tumbo), inaleta vidonda vya tumbo. Omba paracetamol.

Mdau wa Nachingwea: Mke wangu anatapika kila akila, wiki ya pili sasa, tunasubiri kliniki.
Jibu: Kaka msisubiri kliniki, mpeleke leo. Kutapika hivyo kunamaliza vitamini B1 na neva zinaharibika, anaweza kushindwa hata kutembea. Wakitaka kumtundikia dripu ya glukosi waambie B1 itangulie.

Mdau wa Newala: Mimba je?
Jibu: Subiri miezi 12 mpaka 18 mdogo wangu. Ukipungua uzito mimba inashika kirahisi kuliko zamani, na vidonge vya uzazi wa mpango vya kumeza baada ya bypass havitegemewi sana, kaulize kijiti au kitanzi.